Kijiti cha Pamba na Jina la Babu

Nilifungua kinywa, na yule kijana wa bara akanipitishia kijiti chenye pamba ndani ya shavu, kulia kisha kushoto, akikisugua kama mtu anayesafisha kikombe. Hakikuuma. Lakini kilipotoka nilitamani kukinyakua mkononi mwake nikimbie nacho. Alikitia katika kichupa, akafunga, akaandika nambari juu yake, na tangu saa ile hadi majibu yalipokuja sikuwa na siku ya raha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, kwetu Mtopanga, upande wa Kisauni, kwenye baraza ya chuo cha Kurani. Mzungu mmoja mrefu alikuwa akizunguka pwani kutafuta koo za zamani, na huyo kijana wa bara ndiye aliyekuwa akisema na watu kwa niaba yake. Walitaka wanaume peke yao. Kijana alieleza kwamba katika mwili wa mwanamume kuna kitu kidogo sana ambacho baba humpa mtoto wa kiume tu. Mama hana, na binti hapewi. Kinatoka kwa babu kwenda kwa baba, kwa baba kwenda kwa mwana, bila kubadilika ila kidogo baada ya miaka mingi, kama chapa ya ng'ombe. Basi watu wawili wenye jina moja la ukoo wakipimwa, itajulikana kama kweli wametoka kwa mtu mmoja, au jina ni moja na damu ni mbili.

Mzee mmoja alimwambia sisi hatuna ng'ombe, tuna minazi. Kijana akauliza kama minazi haitiwi alama. Akajibiwa kwamba hutiwa, lakini mwizi naye ana panga. Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka.

Jina letu sitaliandika. Ni jina la ukoo linalojulikana ng'ambo ya Likoni, huko asili yetu, na babu yangu ndiye aliyekuja nalo Kisauni alipopewa shamba la minazi. Mzungu alikwisha kuwapima wenye jina hilo huko Likoni. Sasa aliwataka wa huku. Wa huku tulikuwa wawili tu, ami yangu na mimi. Ami alikuwa kaka mkubwa wa baba yangu, na baba yangu alikuwa amekufa nikiwa bado mdogo. Ami alikuwa na mabinti watatu, hakujaliwa mwana wa kiume.

Yeye ndiye aliyenisukuma mbele. Aliniwekea mkono begani, akamwambia yule kijana, "Mpime na huyu. Ni mtoto wa marehemu ndugu yangu, ndivyo tunavyosema."

Ndivyo tunavyosema. Alilisema kwa upole, kama mtu anayeeleza njia. Lakini nilijua, na kila mtu pale barazani alijua.

Baba yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo. Aliporudi safari moja ndefu akamkuta mama yangu nyumbani kwao Kongowea, akamwoa, akaondoka tena, nami nikazaliwa kabla ya wakati ambao wanawake walikuwa wameuhesabu. Nilizaliwa mdogo sana, mama alisema, nikalazwa juu ya pamba karibu na jiko. Wanawake wengine walisema sikuwa mdogo hata kidogo. Nilipokuwa darasa la pili mtoto mmoja aliniuliza kwa nini masikio yangu hayafanani na ya watu wa kwetu. Nilirudi nyumbani nikajitazama katika kioo cha kabati, na sikuacha kujitazama miaka mingi.

Ami hakuwahi kunitukana. Sikukuu alinipa nguo kama alivyowapa mabinti zake. Lakini miaka hiyo nyumba za kisasa zilikuwa zinapanda Kiembeni, na wanunuzi walikuwa wanafika hadi kwetu kuulizia viwanja. Nusu ya shamba ilikuwa ya ami, na nusu ilikuwa ya baba, ndiyo tuliyokalia mimi na mama katika nyumba ya udongo yenye paa la makuti. Zaidi ya hayo, mwalimu wa chuo alikuwa amekwisha kumweleza ami jambo la mirathi. Mtu mwenye mabinti tu akifa, mabinti hupata fungu lao, na kinachobaki humwendea mwanamume wa karibu wa upande wa baba. Mwanamume huyo nilikuwa mimi. Kama nilikuwa mtoto wa ndugu yake kweli, basi siku moja ningeingia hata katika nusu yake, mbele ya mabinti zake. Na kama sikuwa, basi hata nusu niliyoilalia haikuwa yangu.

Kwa hiyo nilielewa kwa nini alinisukuma. Hakuwa na hasira nami. Alikuwa anawatetea watoto wake, na kijiti kile kingemfanyia kazi ambayo mdomo wake ulikuwa unaona haya kuifanya.

Nilipomweleza mama, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Mkono wake ukasimama. Aliniuliza kama nilikubali. Nikamwambia nilifungua kinywa tu. Akauliza kama vile vitu vinaweza kurudishwa. Sikujua. Akaendelea kukuna, lakini nazi ilikuwa imekwisha, alikuwa anakuna kifuu.

Sikuthubutu kumuuliza lile swali. Mtoto hamuulizi mama yake jambo kama hilo. Na mimi tangu utotoni sikuwa mtu wa maneno. Hata dukani nilisubiri wengine wamalize ndipo nitaje chumvi. Nilimaliza darasa la nane nikaingia timboni, kukata mawe ya kujengea, kwa sababu kule mtu hupiga mtaimbo kutwa nzima bila kutakiwa kusema. Lakini miezi ile hata timbo lilinitisha. Nilikuwa nikiinua mtaimbo nawaza, mawe haya nayakata kwa ajili ya chumba cha mama, je, chumba kitasimama katika kiwanja cha nani? Nilikuwa nimeanza kuyaweka mawe kando ya nyumba, machache kila wiki. Nikaacha. Jirani akaniuliza kama nimeugua.

Siku moja niliamua kwenda kukiomba kile kijiti. Yule kijana wa bara alikuwa amepewa chumba katika zahanati moja ya Kisauni. Nilitembea nikirudia maneno yangu njia nzima. Nitasema nimebadili nia. Nitasema mama yangu hapendi. Nilifika, nikasimama mlangoni, naye akainua uso kutoka kwenye vichupa vyake.

"Sema, boi yangu," alisema. Alizungumza Kiswahili cha kwao, cha haraka.

Nilimwamkia. Kisha maneno yote yakaondoka. Nilisimama tu, nikishika mwimo wa mlango. Aliniuliza kama ninaumwa, nikatikisa kichwa. Aliniuliza kama nimetumwa. Mwisho nikasema nimekuja kuuliza majibu yatakuja lini.

Akasema bado, vichupa vilipelekwa mbali kwa ndege. Akanitazama kidogo, akaongeza kwamba hata yeye alipojipima aliogopa, maana huwezi kujua mabibi walifanya nini. Alikuwa anatania ili anitulize. Nilirudi Mtopanga nikiwa nimeloa jasho, na usiku sikula.

Majibu yalikuja baada ya mvua za masika. Wazee walikuwa wamekubali kupimwa kwa sharti kwamba kila mtu ataambiwa lake kwa mdomo, peke yake. Zamu yetu ilipofika, ami alisema sisi tutaingia pamoja katika kile chumba cha zahanati. Kijana akaniuliza kama nimeridhia. Ningesema nini? Nilifuata nyuma ya kanzu ya ami kama mtu anayepelekwa kwa kadhi.

Tuliketi. Mzungu alikuwa upande, anasikiliza asichokielewa. Nakumbuka kulikuwa na nzi juu ya meza, na nilimtazama yule nzi kwa nguvu zangu zote ili nisimtazame ami.

Kijana alisema, "Ninyi wawili ni kitu kimoja. Mzee, wewe na huyu mmetoka kwa mwanamume mmoja, na si zamani. Hakuna shaka."

Sikuhisi furaha. Nilikuwa kama mtu aliyeponea chupuchupu kugongwa na lori na bado hajajua kama yu mzima. Nilipata ujasiri wa kumtazama ami. Alikuwa ametulia, anatikisa kichwa polepole kama mtu aliyesikia habari ya msiba wa mbali. Akasema alhamdulillahi. Nafikiri alisema kweli.

Kisha kijana akasafisha koo. Akasema kuna jambo la pili. Wale wenye jina letu Likoni wote walilingana, mmoja kwa mwingine, jinsi ndugu wanavyotakiwa kulingana. Sisi hatukulingana nao.

Ami akauliza, "Hatukulingana vipi?"

"Hamko karibu hata kidogo, mzee. Jina ni lao. Damu ya upande wa baba, ninyi mna yenu."

Ami alimtaka arudie. Akarudia. Ami akamtaka amuulize Mzungu kama vichupa havikuchanganywa. Mzungu akajibu, kijana akatafsiri kwamba walipima mara mbili kwa sababu hiyo hiyo. Ami aliweka mkono mezani ili ainuke, na ule mkono ukashindwa kumwinua mara ya kwanza. Mkono huo ndio uliokuwa begani mwangu siku ile barazani. Miezi yote nilikuwa nauogopa, na sasa ulikuwa unaogopa kuliko mimi.

Nyumbani nilimwambia mama habari ya kwanza kabla ya ya pili. Aliketi chini hapo hapo alipokuwa, kwenye mchanga, bila kutafuta mkeka.

"Mimi najua ninachojua, mwanangu," alisema. "Nilikuwa naogopa chombo chao kisijue."

Kisha akaingia ndani akalala mchana, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya akiwa mzima.

Lakini habari ya pili haikulala. Watu wa Likoni nao walikuwa wameambiwa majibu yao, na kwamba sisi wa Kisauni hatumo. Shamba letu lilitoka kwao. Mzee wao mkubwa ndiye aliyempa babu yangu, kama baba anavyompa mwanawe. Kama babu hakuwa mwanawe, alikuwa nani? Alikuwa mgeni? Alikuwa mtumwa? Neno hilo ami hakulitamka, lakini kwetu pwani kila mtu hulijua, na hakuna anayetaka liingie nyumbani kwake. Mabinti wakubwa wa ami walikuwa wameposwa. Na Likoni kulikuwa na mtu mmoja, binamu yake ami, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisema kwa mzaha kwamba minazi ya Kisauni imesahau njia ya kwao.

Ami alinifuata timboni. Hakuwahi kufika huko. Alishuka akishikilia kanzu isichafuke, akaketi juu ya jiwe nililokata asubuhi. Alisema amekaa siku kadhaa hapati usingizi, na kwamba ni afadhali twende wenyewe Likoni kabla hawajaja. Alikuwa na shangazi yake huko, binti wa yule mzee aliyempa babu shamba, ndiye pekee aliyebaki wa rika lile. Nilimuuliza kwa nini anataka niende naye. Akatazama chini.

"Nitakwenda na nani mwingine? Tumebaki wawili."

Tulivuka kwa feri asubuhi ya Jumapili. Ami alisimama karibu na magari. Nami niliwatazama wanaume waliokuwa humo, mmoja mmoja, nikiwaza kwamba labda huyu, labda yule mwenye mkoba, ndiye ndugu yetu wa damu wala hajui wala hatutajua. Jambo hilo lilinitia kizunguzungu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeogopa kuwa si mtu wa nyumba moja. Sasa ningeweza kuwa mtu wa nyumba yoyote.

Bibi, yule shangazi yake ami, alikuwa uani anachambua kunde. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, akasema tumechelewa, uji umekwisha. Binamu wa ami alikuwa ameketi kitini pamoja na wanawe wawili.

"Karibuni, wageni," alisema. Na wanawe wakatabasamu.

Ami alianza kuulizia afya ya huyu na yule. Aliulizia mvua, akaulizia kisima. Niliona kwamba hataweza. Kila alipokaribia lile jambo aligeuka, kama mbuzi anayefikishwa ukingoni mwa maji. Binamu alikuwa anangoja kwa raha zake. Sijui nilipata wapi sauti.

"Bibi," nilisema, "damu yetu si yenu. Tumekuja kuuliza babu alitoka wapi."

Akainua kichwa. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Alinitazama, akamtazama ami, akatupa ganda la kunde.

"Alitoka jaani," alisema.

Kisha akatueleza huku mikono yake ikiendelea na kazi. Zamani kulikuwa na majirani ambao kila walichozaa kilikufa. Alipozaliwa wa mwisho, walifanya kama watu walivyofanya ili kukidanganya kifo. Walimweka mtoto ndani ya ungo mbovu, wakaenda kumtupa jaani alfajiri, kama takataka. Mama yake bibi akapita kama mtu aliyekuja kumwaga majivu, akamwokota, akamnunua kwa kibaba cha mtama, akampa jina la nyumba hii. Mtoto alirudishwa kwa mama yake anyonyeshwe, lakini mbele ya watu alikuwa mtoto wa mnunuzi, ili kifo kikija kuulizia mtoto wa wale kisimkute. Desturi ilikuwa kwamba akiota meno na kutembea, wazazi wamkomboe, wamrudishe kwao. Wale hawakumkomboa. Kila mwaka walisema mwaka ujao. Waliogopa kwamba siku watakayomwita mwana wao, kifo kitasikia. Mwisho wakafa wao, na mtoto akabaki kwa aliyemnunua.

"Waliogopa mno," bibi alisema. "Ndiyo maana mko hai."

Binamu aliacha kutabasamu. Alisema basi mambo yako wazi, kwa sheria ya dini mtoto wa kulea harithi. Hakusema kwa ukali. Alisema hata yeye anasikitika, lakini shamba lina wenyewe. Ami alikuwa ameinamisha kichwa. Niliona vidole vyake vinashika ukosi wa kanzu, vinaachia, vinashika tena. Nilimfikiria mama na makuti yetu.

"Nani kakwambia alirithi?" Bibi alimuuliza binamu. "Baba yangu alimpa kwa mkono wake angali hai, walitembea mipaka pamoja na watu wakashuhudia. Nilikuwapo, nilibeba maji. Hiyo ni hiba. Maiti ndiye anayerithiwa, na siku ile baba alikuwa anakula wali kukushinda wewe."

Mwana mmoja wa binamu akacheka, akanyamazishwa. Binamu akasema haya, shangazi, kama wewe ndiye shahidi. Akajibiwa kwamba kama anataka shahidi mwingine akamtafute makaburini. Kisha bibi akamwita ami, akamwambia asimame wima, hajafa mtu.

Hatukula. Ami alisema tuna haraka. Tuliteremka kuelekea feri, jua likiwa kali, naye alikuwa anatembea pembeni yangu, si mbele kama kawaida yake. Nilidhani sasa tumeokoka. Lakini alikuwa bado na uso ule ule wa timboni.

Tulipofika kwenye vibanda vya machungwa alisimama.

"Mwanangu," aliniita, na hakuwahi kuniita hivyo. "Nikifa, wanangu utawafanyaje?"

Sikuelewa mara moja. Nilikuwa nimezoea kuogopa, na haikunijia kwamba mtu mzima anaweza kuniogopa mimi, ambaye nashindwa kuagiza chumvi. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kijiti alichonisukumia ili kinitoe kilikuwa kimenithibitisha, na sasa kati ya mabinti zake na mlango wa nyumba yao nilisimama mimi. Aliyajua mawazo yake juu yangu miaka yote, na alidhani ninayo kama yale juu yake. Labda nilikuwa nayo. Hapo barabarani nilitafuta ndani yangu nikaona kitu kidogo kinachofanana na furaha, na hicho kilinitisha kuliko yote.

Nilimwambia afanye kama yule mzee. Awape angali hai.

Tukavuka. Siku chache baadaye aliwaita majirani na mwalimu wa chuo. Alitembea mipaka ya nusu yake pamoja na mabinti zake watatu, akionyesha kwa mkono, mnazi huu hadi ule, akampa kila mmoja sehemu yake na kumkabidhi. Kisha akaja upande wetu, mama akiwa amesimama mlangoni na leso kichwani, akatamka mbele ya wote kwamba nusu hii ni ya mtoto wa ndugu yake. Safari hii hakuongeza neno.

Mwalimu akageuka kwangu. Alisema mwanamume wa karibu ni mimi, kwa hiyo watu wanataka kusikia kutoka kinywani mwangu kwamba nimeshuhudia na nimeridhia yale waliyopewa mabinti. Watu wote walinitazama. Binti mdogo wa ami, wa umri wa kwenda shule, alikuwa ameshika shina la mnazi wake kwa mikono miwili na ananikodolea macho, anangoja.

Nilisema nimeshuhudia. Mwalimu akasema hajasikia. Nikasema tena, kwa sauti.